Nani Aliiona Pembe ya Maji?

Muulize mwanafunzi yeyote wa sayansi hapa chuoni ukubwa wa pembe ya molekuli ya maji, atakujibu bila kupepesa macho: nyuzi 104.5. Ya methani je? 109.5. Ya amonia? 107. Namba hizi tulizimeza tangu kidato cha tano, tunazitema kwenye UE, kisha maisha yanaendelea. Sasa muulize swali la pili: nani aliipima hiyo pembe, na aliipima kwa kutumia nini? Hapo utaona mtu anaanza kujikuna kichwa.

Swali lenyewe si la mtego. Tone moja la maji lina molekuli zaidi ya trilioni bilioni moja. Hakuna kipimapembe cha kuweka juu ya kitu kidogo namna hiyo, wala hadubini ya kawaida ya maabara haiwezi kukionyesha. Wenzangu wa fani nyingine wanapoona michoro kwenye daftari langu huniuliza: “Kwani nyie watu wa kemia mmewahi kuziona hizo molekuli, au mnachora tu?” Mimi niko mwaka wa tatu wa kemia, na nimegundua kwamba swali hilo, ambalo wengi wetu tunalichukulia kama utani, ndilo swali zito kuliko yote katika somo letu.

Jibu fupi ni kwamba kwa sehemu kubwa ya historia hakuna aliyeziona. Maumbo ya molekuli yalithibitishwa jinsi mahakama inavyothibitisha jambo ambalo hakimu hakuwepo lilipotokea. Wanaitwa mashahidi, kila mmoja anaulizwa kile tu anachokijua, na maneno yao yanalinganishwa. Shahidi mmoja anaweza kukosea. Mashahidi watano wasiojuana wakisema jambo lilelile, ni vigumu kubisha. Katika makala haya nitawaita mashahidi hao mmoja mmoja, kisha tutaiona kazi yao kwenye molekuli moja ambayo wengi wetu tumeshaimeza tukiwa na homa.

Utabiri si ushahidi

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kwenye desa zetu nyingi mada ya maumbo ya molekuli inaanza na kuishia na kanuni ya kusukumana kwa jozi za elektroni, ile tunayoiita VSEPR. Wazo lake liliwekwa na Sidgwick na Powell mwaka 1940, na likaendelezwa na Gillespie na Nyholm mwaka 1957. Jozi za elektroni zinazoizunguka atomu ya kati zinasukumana, kwa hiyo kila jozi inakaa mbali na nyingine kadiri inavyowezekana. Funga maputo manne kwenye fundo moja, utaona yenyewe yanajipanga kuelekea pande nne.

Kanuni hii ni nzuri na inasaidia sana. Lakini ni utabiri. Inakuambia kwamba molekuli ya maji imepinda, na kwamba pembe yake itakuwa pungufu kidogo ya 109.5 kwa sababu jozi mbili zisizo na kifungo zinasukuma zaidi. Haikuambii kwamba ni 104.5. Chukua hidrojeni salfaidi, ndugu wa maji aliye chini yake kwenye jedwali la elementi: idadi ya jozi ni ileile, lakini pembe yake ni karibu nyuzi 92. Kanuni peke yake isingekupa tofauti hiyo. Kwa hiyo namba tunazozikariri zilitoka mahali pengine, kwa watu waliopima. Ajabu ni kwamba wa kwanza kabisa kati yao hawakuwa na chombo chochote cha kupimia umbo.

Shahidi wa kwanza: kuhesabu

Mwaka 1874 kijana wa Kiholanzi mwenye umri wa miaka 22, Jacobus van ’t Hoff, alichapisha kijitabu kidogo kuhusu namna atomu zinavyokaa katika nafasi. Miezi michache baadaye Mfaransa Joseph Le Bel, bila kushirikiana naye, alitoa wazo la aina hiyohiyo. Hoja yao unaweza kuifuata kwa penseli.

Chukua dikloromethani: kaboni moja, hidrojeni mbili, klorini mbili. Tuseme kaboni inakaa katikati ya mraba ulio bapa na atomu nne ziko kwenye kona. Klorini mbili zinaweza kukaa kona zinazopakana, au kona zinazotazamana. Hizo ni dutu mbili tofauti, na zingetakiwa ziwe na sifa tofauti, kwa mfano joto la kuchemkia. Wanakemia walikuwa wameitengeneza dikloromethani, na daima walipata moja tu. Mraba basi unaingia mashakani.

Sasa weka mafiga matatu chini na figa la nne juu yake katikati. Una umbo lenye kona nne, na kila kona imepakana na zile tatu nyingine. Kaboni ikae kwenye uwazi wa ndani. Jaribu kuziweka klorini mbili kwenye kona mbili zozote: daima zitakuwa zimepakana. Hakuna mpangilio wa pili. Umbo hili, tetrahedroni, linatoa dutu moja tu, kama maabara ilivyoonyesha. Pembe kati ya mistari inayotoka katikati kwenda kwenye kona zake ni nyuzi 109.5, na hiyo ni jiometri tupu.

Mbishi mzuri atasema: “Kutoipata dutu ya pili si uthibitisho kwamba haipo. Labda hamjatafuta vizuri.” Ni kweli kabisa, na ndiyo maana hoja ilihitaji mguu wa pili. Kona nne zikibeba vitu vinne tofauti, tetrahedroni inatoa maumbo mawili, kila moja likiwa taswira ya lingine kwenye kioo. Ni kama kandambili ya kushoto na ya kulia: zinafanana kwa kila kitu, lakini huwezi kuvaa ya kushoto mguu wa kulia. Mraba bapa hauwezi kutoa jozi ya namna hiyo. Na jozi hizo zilikuwa zinajulikana tayari. Mwaka 1848 Louis Pasteur alikuwa ametenganisha kwa mkono fuwele za chumvi ya asidi ya tartari, za “kushoto” huku na za “kulia” kule, na akaona kwamba myeyuko wa aina moja unazungusha mwanga upande mmoja na wa pili unauzungusha upande wa pili.

Si wote waliopokea. Mwaka 1877 Hermann Kolbe, profesa mwenye jina kubwa Ujerumani, alimkejeli van ’t Hoff hadharani kama kijana wa chuo cha mifugo aliyepanda farasi wa kufikirika mwenye mabawa. Van ’t Hoff alikuwa kweli anafundisha kwenye chuo cha tiba ya mifugo Utrecht wakati huo. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeipata, ingawa ilikuwa kwa kazi zake nyingine.

Njia hii ya kuhesabu isoma haijazeeka. Alfred Werner aliitumia kuanzia 1893 kuonyesha kwamba kobalti katika misombo yake mingi imezungukwa na vitu sita kwenye kona za oktahedroni. Lakini ina mipaka yake. Inakuambia nani amepakana na nani na mpangilio wa jumla, haikupi urefu wa kifungo wala pembe halisi. Kwa hayo tunahitaji shahidi mwingine.

Shahidi wa pili: mzunguko

Turudi kwenye maji. Dalili ya kwanza kwamba yamepinda ni ya umeme. Oksijeni inavuta elektroni kuliko hidrojeni. Kama atomu tatu zingekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, oksijeni ikiwa katikati, mvuto wa kushoto na wa kulia ungefutana, kama timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu sawa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kaboni dioksidi: haina ncha chanya na hasi. Maji yanazo, na zinapimika. Kwa hiyo molekuli ya maji haijanyooka. Peter Debye, aliyeifungua njia hii ya kupima ncha za molekuli, alipata Nobel ya Kemia mwaka 1936.

Kupinda kwa kiasi gani, hilo linajibiwa na mzunguko. Mtu aliyebeba ndoo mbili za maji, mikono ikiwa imenyooshwa mbali na mwili, anageuka kwa shida. Akizivuta ndoo karibu na mwili, anageuka kwa wepesi. Ukijua uzito wa ndoo na ugumu wa kugeuka, unaweza kukokotoa ndoo ziko umbali gani bila kumwona mbebaji. Molekuli za mvuke zinazunguka pia, ila kwa viwango maalumu tu, si kiwango chochote. Ukipitisha mawimbi ya maikrowevu au ya infraredi kwenye mvuke wa maji, molekuli zinameza yale tu yanayolingana na kuruka kutoka kiwango kimoja cha mzunguko hadi kingine. Kutokana na mawimbi yaliyomezwa unapata ugumu wa kuzungushwa kwenye kila mhimili.

Hapo hesabu inakuwa ya kidato. Molekuli ya maji ina vitu viwili tu tusivyovijua: urefu wa kifungo cha oksijeni na hidrojeni, na pembe. Uzito wa atomu tunaujua. Vipimo vya mzunguko vinatupa milinganyo ya kutosha, tunatatua, tunapata karibu pikomita 96 na nyuzi 104.5. Kisha tunahakikisha: tunabadilisha hidrojeni na kuweka ile isotopu yake nzito, diteri. Uzito unabadilika, umbo karibu halibadiliki kabisa. Tunapima upya. Kama jibu linakubaliana na la kwanza, shahidi amehojiwa mara mbili na hakujichanganya.

Njia hii ni sahihi mno, lakini inafaa molekuli ndogo zinazoweza kuwa gesi. Ukimletea molekuli yenye atomu mia moja, milinganyo inazidiwa na visivyojulikana.

Shahidi wa tatu: fuwele

Kwa nini tusitumie tu hadubini kubwa zaidi? Tatizo ni mwanga wenyewe. Mawimbi ya mwanga unaoonekana yana urefu wa nanomita 400 hadi 700, wakati kifungo kati ya kaboni na kaboni ni kama nanomita 0.15. Ni sawa na kupapasa matundu ya chujio la chai kwa kutumia mpira wa kikapu. Unahitaji wimbi lenye ukubwa unaokaribiana na kitu unachotafuta, na eksirei ni wimbi hilo.

Mwaka 1912 Max von Laue na wenzake walionyesha kwamba eksirei zikipita kwenye fuwele zinatawanyika na kuacha madoa yenye mpangilio kwenye bamba la picha. William Bragg na mwanawe Lawrence wakaonyesha namna ya kurudi nyuma kutoka kwenye madoa hadi kwenye mpangilio wa atomu, na mwaka 1915 wakapata Nobel ya Fizikia pamoja. Lawrence alikuwa na miaka 25, umri wa baadhi yetu hapa. Mwaka 1913 walipima almasi. Iwe imetoka Mwadui au Kimberley, ndani yake ni kilekile: kila kaboni imezungukwa na kaboni nne kwenye kona za tetrahedroni. Hesabu ya penseli ya mwaka 1874 ilikuwa imepata shahidi ambaye hakuijua kabisa hoja ya isoma. Van ’t Hoff hakuwahi kuyaona matokeo hayo, alifariki mwaka 1911.

Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alionyesha kwa eksirei kwamba pete ya benzini ni bapa. Kisha akaja Dorothy Hodgkin, mzaliwa wa Cairo. Wakati wa vita kuu ya pili wanakemia walibishana vikali kuhusu penisilini. Upande mmoja ulidai katikati yake kuna pete ya atomu nne, kaboni tatu na naitrojeni moja. Upande wa pili uliona pete ndogo hivyo imebanwa mno, haiwezi kuwepo. Hodgkin na wenzake walitengeneza fuwele za chumvi za penisilini, na kufikia mwaka 1945 wakawa na jibu: pete ya atomu nne ipo. Tena kule kubanwa kwake ndiko kunakoifanya ifunguke kwa urahisi na kukwamisha kazi ya bakteria ya kujenga ukuta wao. Habari za Nobel yake ya mwaka 1964 zilimkuta Ghana, ambako mumewe alikuwa akifanya kazi.

Usidhani eksirei zinatoa picha moja kwa moja. Madoa yanakupa nguvu ya kila wimbi, lakini hayakuambii mawimbi yalikuwa yamepishana vipi, na bila hilo huwezi kuijenga ramani. Njia mojawapo ya kutoka ni kuingiza atomu nzito, kwa mfano rubidi katika chumvi ya penisilini. Atomu hiyo inang’aa kuliko nyingine kwenye madoa, unaipata kwanza, kisha unaitumia kama mnara wa taa kuwatafuta wengine. Mapungufu mawili yanabaki. Lazima upate fuwele nzuri, na kuna dutu zinazogoma kabisa kutengeneza fuwele. Pili, eksirei hutawanywa na elektroni, na hidrojeni ina moja tu, kwa hiyo inaonekana kwa taabu.

Shahidi wa nne: majirani

Hidrojeni isiyoonekana vizuri kwa eksirei ndiyo inayopiga kelele zaidi kwenye NMR. Kiini cha hidrojeni ni kama kisumaku kidogo. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa na kukipigia mawimbi ya redio, kinaitikia kwa masafa yanayotegemea mazingira yake. Hidrojeni iliyo karibu na oksijeni haiitikii sawa na iliyo karibu na kaboni. Bloch na Purcell waliigundua njia hii mwaka 1946, na MRI ya hospitalini ni mtoto wake.

Uzuri wake ni kwamba viini vinasengenyana. Kiini kimoja kinaonyesha athari za jirani aliye vifungo vitatu mbali naye, na ukubwa wa athari hiyo unategemea namna vifungo vilivyopinda kati yao. Kuna pia athari inayopitia hewani, tuseme, kati ya hidrojeni zilizokaribiana hata kama kwenye mnyororo wa vifungo ziko mbali. Ukikusanya mamia ya taarifa za “huyu yuko karibu na yule”, unaweza kulikunja umbo zima, hata la protini iliyo ndani ya maji bila fuwele yoyote. Kurt Wüthrich alipata sehemu ya Nobel ya mwaka 2002 kwa kazi hiyo.

Kesi yenyewe: molekuli ya dawa mseto

Sasa tuwaite mashahidi wote kwenye kesi moja. Ukiugua malaria leo hapa kwetu, mara nyingi utapewa dawa mseto ya ALu, vidonge 24 kwa mtu mzima ndani ya siku tatu. Herufi ya kwanza, A, ni artemetha, nayo inatokana na artemisinini. Artemisinini inapatikana kwenye mmea wa Artemisia annua, uliokuja kulimwa pia Tanzania, Kenya na Uganda. Lakini kesi ilianzia China, kwenye mradi wa siri uliofunguliwa tarehe 23 Mei 1967 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea klorokwini. Mwaka 1971 kundi la Tu Youyou, baada ya kurejea maandishi ya kale ya tiba, liliacha kuukamua mmea kwa joto na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Dawa ikafanya kazi kwa panya. Mwaka uliofuata wakawa na fuwele safi. Swali: hii ni nini?

Spektromita ya masi ilisema uzito wa molekuli ni 282, na fomula ikawa C15H22O5. Shika penseli. Kaboni 15 zisizo na pete wala kifungo cha pili zingebeba hidrojeni 32. Hapa zipo 22. Zimepungua kumi, yaani jozi tano, na kila jozi inamaanisha pete moja au kifungo kimoja cha ziada. Infraredi ikaonyesha mmezo kwenye 1745, alama ya kaboni yenye kifungo maradufu na oksijeni ndani ya laktoni. Hicho ni kifungo kimoja cha ziada. Zimebaki nne, na kwa kuwa hakukuwa na dalili za vifungo vingine maradufu, ina maana ya pete nne. Kumbuka, mpaka hapa hakuna aliyeona kitu.

Oksijeni tano zikawa fumbo. Laktoni inachukua mbili. Tatu zilizobaki ziko wapi? Vipimo vya kikemia vilielekeza kwenye peroksidi, yaani oksijeni mbili zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Peroksidi kwa kawaida ni kitu chepesi kuvunjika, na kuikuta ndani ya dawa kutoka kwenye majani kulishangaza. Kwenye infraredi kulikuwa na mimezo iliyokubaliana na wazo hilo. NMR ikaeleza majirani wa kila hidrojeni. Lakini pete nne zinaweza kusukwa kwa njia nyingi, na molekuli ina kaboni saba zenye ukushoto na ukulia. Mbili kwa kipeo cha saba, kwa hesabu ya karatasini, ni mipangilio 128.

Eksirei zikamaliza ubishi. Mwaka 1975 ramani ya atomu ilipatikana kutoka kwenye fuwele: peroksidi ipo kweli, imekaa kama daraja katikati ya pete. Kazi ya ziada ikaamua ukushoto na ukulia wake, na muundo ukatangazwa kwa ulimwengu mwaka 1977.

Mtu atauliza, sasa umbo hilo linamsaidia nini mgonjwa? Linamsaidia kila kitu. Kimelea cha malaria hula himoglobini, na himoglobini ina chuma. Chuma hicho kinavunja lile daraja la oksijeni, na vipande vinavyotokea vinamharibu kimelea kutoka ndani. Artemisinini iliyoondolewa oksijeni moja ya daraja inakosa nguvu dhidi ya malaria. Wanakemia wakajua basi pa kugusa na pasipo kuguswa. Walibadilisha ile kaboni ya laktoni ili dawa iyeyuke vizuri kwenye mafuta au kwenye maji, wakaliacha daraja kama lilivyo. Hivyo ndivyo tulivyopata artemetha na atesuneti. Tu Youyou alipata sehemu ya Nobel ya Tiba mwaka 2015.

Kesi haijafungwa. Shirika la Afya Duniani limeshathibitisha ukinzani wa kiasi dhidi ya artemisinini Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Dawa zitakazofuata zitaanza na swali lilelile la umbo, safari hii likiwahusu pia protini za kimelea mwenyewe.

Picha zimepatikana, lakini…

Siku hizi kuna wanaoziona, kwa namna fulani. Mwaka 2009 watafiti wa IBM karibu na Zürich walipapasa molekuli moja ya pentaseni kwa sindano ambayo nchani ilibeba molekuli moja ya kaboni monoksidi, kwenye baridi kali mno. Ikatoka picha ya pete tano zilizopangana, kama zilivyochorwa vitabuni kwa miongo mingi. Hakuna kitabu kilichohitaji kusahihishwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya wale mashahidi wa zamani. Hata hivyo njia hii inapenda molekuli bapa zilizolala juu ya uso. Artemisinini yenye mafundo pande zote ingeisumbua.

Tena umbo lenyewe halitulii. Amonia, ile yenye naitrojeni juu ya hidrojeni tatu kama sufuria juu ya mafiga, inajigeuza ndani nje kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, kwa masafa ya karibu mara bilioni 24 kwa sekunde. Kwa hiyo 107 yako ya kwenye mtihani ni pembe ya kila upande wa mwavuli, si ya sanamu iliyosimama.

Na sasa kompyuta zinatabiri. Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa David Baker, na kwa Demis Hassabis na John Jumper ambao programu yao inakisia umbo la protini. Nimesikia watu madarasani wakisema basi maabara imekwisha. Haijaisha. Programu hiyo ilijifunza kutoka kwenye hazina ya maumbo yaliyopimwa, iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu. Bila watu waliokaa na fuwele zao kwa miaka, kompyuta isingekuwa na cha kujifunza. Na inapokisia, bado anahitajika mtu wa kupima ili tujue kama imepatia.

Hazina hiyo iko wazi kwa yeyote mwenye bando. Iko pia ya molekuli ndogo, ile ya Cambridge, iliyovuka maumbo milioni moja mwaka 2019, na unaweza kufungua umbo mojamoja bure. Chuo kikikosa mashine, na mashine hizi ni ghali kweli, bado unaweza kufungua artemisinini kwenye simu, ukaizungusha kwa kidole mpaka ulione lile daraja la oksijeni. Kisha rudi kwenye fomula yake, C15H22O5, uhesabu mwenyewe pete nne kabla ya kuniamini mimi. Na mhadhiri akiandika pembe nyingine ubaoni, nyoosha mkono umuulize ilipimwaje.